Debe Moja Lisiende Ghalani

Hotuba hii niliitoa kwa wazazi na walezi hapa Mikindani, shule zikiwa karibu kufungwa kwa likizo ya Desemba. Wengi hamkuweza kufika, wengine mlikuwa mashambani, wengine kwenye mnada, mkaomba niiweke yote. Ni hii, kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wazazi na walezi wenzangu, assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie malezi wakati wa likizo. Nilikubali, lakini nikamwambia mapema kwamba mimi nitazungumzia chakula. Nimefundisha sayansi kimu karibu maisha yangu yote ya kazi, na nimewaona watoto wengi wakikua, wakiondoka, wengine wakirudi na wengine wasirudi. Ninachokiamini ni hiki: mtoto hajui kwao kwa kuambiwa. Anakujua kwao kwa kazi aliyopewa jikoni.

Wiki chache zijazo watoto watakuwa nyumbani. Walio bweni watarudi. Walio Dar es Salaam kwa shangazi na wajomba watapanda mabasi, wengine watashuka Lindi, wengine Mnazi Mmoja, ile njia panda ya Lindi, wakate kwenda Masasi na Nachingwea, wengine watafika mpaka hapa. Nawauliza, wazazi wenzangu: watoto hao watakuta nini kinapikwa? Siulizi kama watashiba. Kushiba watashiba. Nauliza kama watakikuta chakula cha Desemba, chakula cha hapa, au watakikuta kile kile walichokiacha Mbagala, chipsi na soda, kwa sababu tunaona haya kumpa mtoto wa mjini chakula chetu.

Maana Desemba ya kwetu ina chakula chake. Kuna mabibo, yale matunda ya mkorosho, kuna maembe, kuna korosho mpya. Mvua zikielekea kuisha tunachoma mahindi na kuchemsha karanga mbichi na maganda yake. Kusi likivuma zinakuja mbaazi mbichi na ufuta. Kiangazi kikikaza, akina mama wanaingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya porini. Bamvua, maji yakipwa sana, likitoa miamba, pwani nzima inashuka baharini. Aliyekulia huku vizuri, ukimfunga macho ukampa sahani, anaweza kukwambia ni mwezi gani. Watoto wetu wanaweza?

Nianze na korosho, na hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Korosho ndiyo inayotulisha, ndiyo inayosomesha. Msimu wa 2017/2018 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 300,000, na sehemu kubwa ilitoka mikoa hii yetu ya kusini. Nyingi zinapakiwa ghafi, na maganda yake, zinakwenda kubanguliwa India na Vietnam. Fedha ya korosho naiheshimu sana. Imeezeka nyumba za watu waliomo humu ndani, imelipa ada, imetibu wagonjwa. Lakini niambieni: ni mtoto yupi wa nyumbani kwako aliyewahi kubangua korosho kwa mikono yake? Nyoosheni mikono wenye mtoto wa namna hiyo.

(Mikono mingi iliyonyooka ilikuwa ya akina bibi.)

Mnaona. Tunazalisha korosho kuliko mkoa mwingine wowote, na mtoto wetu anaijua korosho ya kwenye pakiti dukani.

Namfahamu bibi mmoja kule Newala. Kila msimu, gunia likijazwa kwenda kuuzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, yeye hutenga debe moja. Debe lile haliendi ghalani. Mwaka mmoja bei ilipanda sana, mwanawe akamsihi: "Mama, hili nalo tulipeleke, tutapata hela nzuri." Bibi akamjibu, "Hili si lako wala si langu. Hili ni la watoto wakija." Wala hapo hazungumzii kangomba, hauzi kwa magendo. Ni chakula cha nyumba yake.

Wajukuu wakishafika wote, siku inapangwa. Nyuma ya nyumba yanawekwa mafiga matatu, juu yake bati kuukuu lililotobolewa matundu. Wanatazama kwanza upepo unatoka wapi, maana moshi wa korosho unachoma macho na kifua. Mjukuu mkubwa ndiye anayekoroga kwa mti mrefu. Ganda likipata moto linatoa mafuta, mafuta yanadondoka kwenye makaa, moto unaruka, moshi mweusi unapanda. Zikishaiva zinamwagwa chini kwa haraka, na hapo wale wadogo, waliokuwa wamesimama mbali wakisubiri kwa hamu, ndiyo zamu yao: wanazifukia kwa mchanga ili moto uzime. Hiyo ndiyo kazi yao, na hakuna mkubwa anayewapokonya. Zikipoa wanapakaa mikono majivu, kwa sababu mafuta ya lile ganda yanababua ngozi, kisha wanakaa kwenye mkeka wanazipasua kwa vijiti juu ya mawe. Sheria ya bibi ni moja: korosho nzima inakwenda kwenye sahani, iliyovunjika inakwenda mdomoni mwa aliyeivunja. Kwa hiyo wasiojua kupasua ndio wanaoshiba siku hiyo, na hakuna mtoto anayelia kwamba hawezi.

Zile nzima zinatwangwa kesho yake, zinatiwa kwenye kisamvu au kwenye mchuzi wa kuku, na kule juu Newala ambako nazi ya kutosha si rahisi kuipata kama hapa, mchuzi ule unakuwa mzito na mtamu kweli kweli. Sahani ya kwanza inakwenda kwa jirani.

Mjukuu wake mmoja yuko Dodoma, ni mtumishi wa serikali. Kila mwaka anapojaza fomu ya likizo anachagua siku za debe. Mama yake aliniambia kwamba kijana huyo hapigi simu kuuliza mvua, wala hapigi kuuliza bei. Anauliza, "Bibi ameshaweka debe?"

Sasa jiulizeni. Kama bibi yule angekuwa anazinunua korosho zilizokwisha kukaangwa, akaziweka mezani kwenye bakuli, kijana angesafiri kutoka Dodoma? Asingesafiri. Korosho za bakuli ziko Dodoma pia. Anachokifuata ni ile kazi aliyopewa akiwa mdogo, ya kufukia moto kwa mchanga.

Na mabibo? Tunayaacha yaoze chini ya mikorosho kana kwamba ni uchafu. Najua kwa nini. Wengi wetu tukisikia mabibo tunafikiria pombe, tunafikiria uraka, tunafikiria nipa, tunafikiria baba aliyelala njiani. Uchungu huo naujua, siubezi. Lakini tunda halina kosa. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Ule ukali unaokereketa koo unapunguzwa: kamua juisi, ichanganye na uji mwepesi uliopoa, wa mchele au wa muhogo, iache itulie, ule ukali unashuka chini na wewe unamimina maji safi ya juu. Mwambie mtoto afanye mwenyewe aone. Asivae shati la shule tu, doa la bibo halitoki. Na mnaokumbuka kochoko, yale mabibo yaliyokamuliwa yakaanikwa juani, hiyo ilikuwa akiba tamu ya watoto miezi ambayo ghala lilikuwa linaelekea kuwa tupu. Nani anaanika kochoko siku hizi?

Nisionekane nazungumzia korosho peke yake. Mnakumbuka mwaka 2017? India, mnunuzi wetu mkubwa wa mbaazi, iliweka kikomo cha mbaazi inazoingiza, bei huku ikaanguka, magunia yakabaki ndani. Nilikwenda Nachingwea kwenye msiba kipindi hicho. Familia iliyotupokea ilikuwa na magunia ya mbaazi mpaka chumbani. Asubuhi tulikunywa chai kwa mbaazi za nazi na maandazi, mchana ugali kwa mbaazi zilizotiwa ufuta wa kutwanga, jioni mbaazi na muhogo. Mama mwenye nyumba alikuwa na huzuni ya hela yake, na haki yake, lakini nyumba ile haikulala njaa, kwa sababu mbaazi kwao hazikuwa zimewahi kuwa mali ya sokoni tu. Na mkumbuke hiyo ni Nachingwea ile ile ambako mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta matrekta kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya kwao. Mtwara hii ikatafutiwa bandari, reli ikajengwa. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Reli nayo iling'olewa baadaye. Karanga za bibi zetu, zilizopandwa kwa jembe la mkono katikati ya mihogo, hazikuachwa. Tunazichemsha hadi leo.

Jambo la pili ni aibu. Hili linaniuma.

Nilipokuwa nafundisha wasichana wa sekondari, baada ya likizo ya Juni niliwaambia kila mmoja aandike chakula kimoja alichokula nyumbani na namna kilivyopikwa. Madaftari yalipokuja, karibu wote wameandika wali na kuku. Nyumba nyingi za watoto wale nilikuwa nazijua. Wali ulipikwa, ndiyo, lakini siyo kila siku ya Juni. Msichana mmoja tu, anatoka kijiji cha upande wa Nanyamba, aliandika ming'oko. Niliposoma, darasa likacheka. "Chakula cha porini!"

Nikamwita mbele. Nikamwambia, "Wewe leo ndiye mwalimu, tufundishe." Akaanza kwa sauti ndogo. Akaeleza jinsi ya kuutambua ule mmea unaotambaa, jani lake likoje, na jinsi ya kuutofautisha na jamaa zake wenye sumu. Akaeleza kwamba unachimba ukiufuata mzizi kuelekea chini taratibu usiukate. Unachukua viazi, kile kichwa chenye shina unakiacha, unarudishia udongo, na mwaka unaofuata unarudi mahali pale pale unakuta vingine. Bibi yake alikuwa na sehemu zake porini, na alimwonyesha yeye peke yake kwa sababu ndiye aliyekuwa akimfuata. Unachemsha na chumvi, unamenya kwa vidole, unakula na pilipili. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Waliuliza maswali hadi kengele ikalia. Nikawauliza wale wa wali na kuku: nani kati yenu anaweza kuueleza wali wake namna hii, mchele umetoka wapi, umelimwa na nani? Kimya.

Leo ming'oko inauzwa stendi na sokoni Mtwara, wageni wananunua wanapeleka zawadi Dar es Salaam. Nafurahi. Lakini anayenunua stendi hajui kutofautisha mng'oko na ndiga. Na ndiga, wazee wangu mnajua, ni kiazi cha njaa. Kina sumu. Lazima kikatwe vipande vyembamba, kiloweshwe kwenye maji siku kadhaa, ndipo kiliwe. Baada ya Vita vya Majimaji, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala ya nchi hii ya kusini na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, waliobaki waliokolewa na pori na watu waliolijua pori. Mtoto anayecheka chakula cha porini anacheka kitu kilichomfanya yeye azaliwe. Na kicheko hicho hakutoka nacho kwenye mtaala, wazazi wenzangu. Alitoka nacho nyumbani. Amewasikia watu wazima wakisema, "Samahani mgeni, leo tuna muhogo tu."

Muhogo tu! Hapo ndipo linapoingia jambo langu la tatu, na hili ni la uhai na kifo, siyo la mapenzi ya zamani.

Mihogo yetu mingi ni michungu. Tunaipanda kwa sababu nguruwe na nyani hawaisogelei sana, na inavumilia ukame. Ule uchungu ni sumu. Bibi zetu walijua: unamenya, unalowesha mpaka unalainika, unaanika mpaka unakuwa mkavu kabisa, ndipo unatwanga. Hatua hizo zina siku zake, na siku hizo hazikuwekwa bure. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mtwara Vijijini na Newala, ulizuka ugonjwa unaoitwa konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa. Waliopatwa zaidi walikuwa watoto na akina mama wa umri wa kuzaa. Hauponi. Unatokana na kula unga wa muhogo mchungu ambao haukuondolewa sumu ipasavyo, wiki nyingi mfululizo, bila samaki wala kunde wala nyama. Njaa ilikuwa imebana, watu wakafupisha siku.

Naona wengine mnatikisa vichwa, mnawajua wagonjwa hao. Mungu awape nguvu.

Kwa hiyo mtoto akikuuliza, "Mama, kwa nini tunasubiri siku zote hizi, si tusage tu?", usimfukuze jikoni. Mwambie kwa nini. Mwambie pia njia ambayo wataalamu waliifundisha huku kwetu: unga ukiwa tayari, uchanganye na maji, utandaze mwembamba, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu iliyobaki inapotea hewani, kisha usonge ugali wako siku hiyo hiyo. Na mwambie kwa nini ugali wa muhogo huliwa na dagaa, na kunde, na mbaazi. Mboga ile siyo ya kuteremshia tonge tu, inausaidia mwili kuishinda sumu. Bibi hakuwa na maabara. Alikuwa na utaratibu. Na utaratibu huo ukikatika kizazi kimoja tu, anayelipa ni mtoto.

Sasa nije kwenye sikukuu.

Sisi wa kusini tumebarikiwa kuishi pamoja, Waislamu na Wakristo, nyumba kwa nyumba, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Na mnaojua mnajua: amani hiyo imepitia kwenye sahani. Ramadhani, futari inavuka ua, muhogo wa nazi, magimbi, tambi, uji wenye pilipili manga. Idi, sinia la pilau linakwenda kwa Mkristo. Krismasi, sinia linarudi. Sahani hairudi tupu. Na Mkristo anayetaka majirani wote wale kwake, anamwita Mwislamu aje achinje.

Masasi kuna nyumba mbili ninazozifahamu, moja ya mzee wa Kiislamu, nyingine ya familia ya Kianglikana, zimetenganishwa na mwembe. Kila Krismasi alfajiri yule mzee alikuwa akija na kisu chake, anachinja mbuzi na kuku, anakunywa chai, anarudi kwake, mchana anarudi na watu wake kula. Miaka na miaka. Na kila alipokuja alikuja na mjukuu wake, kazi ya mjukuu ni kushika miguu ya mbuzi na kubeba ndoo ya maji. Mzee akafariki. Krismasi iliyofuata ile familia haikujua ifanye nini, wakaona vibaya kuwasumbua wafiwa. Mama akasema tupike samaki mwaka huu. Alfajiri mlango ukagongwa. Ni yule mjukuu, amekua kijana, kisu cha babu mkononi, anauliza, "Mbuzi yuko wapi?"

Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemwandikia. Mnafikiri angekuja kama miaka yote ile angekuwa anafika mchana tu, anakula, anaondoka? Alikuja kwa sababu alikuwa na kazi.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona sikukuu zetu siku hizi zinaletwa zimekwisha kuiva. Mpishi anakodiwa, masufuria yanakuja na gari, watoto wameketi kwenye viti vya kukodi wakiangalia simu. Siwalaumu wenye shughuli kubwa, harusi ya watu wengi inahitaji mpishi. Nasemea Idi ya nyumbani, nasemea Krismasi ya nyumbani. Kuna ubaya gani mtoto wa miaka sita achambue mchele? Kuna ubaya gani mvulana akae kwenye mbuzi akune nazi? Ndiyo, mvulana. Akina baba msiiname. Mvulana akijua kukuna nazi na kuchuja tui zito na tui jepesi hapungukiwi kitu, na mke wake atawaombea dua.

Kuhusu jando na unyago nitasema machache, maana hilo lina wenyewe, manyakanga na makungwi wanaowafunda watoto wapo humu. Siku hizi tunazipanga kwenye likizo ili watoto wasikose masomo, na ni jambo jema. Mnajua kule Masasi, miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, Mwingereza Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1926, aliona kwamba jando halifutiki, akaamua liingie ndani ya Kanisa na mafundisho ya Kikristo. Alielewa kwamba ukoo hauachi siku inayowakusanya wote. Ombi langu ni moja. Tunatumia fedha nyingi kwenye muziki na sare siku watoto waliofundwa wanapotoka. Ile siku ya kupika, akina mama wa ukoo wakikutana usiku mzima kwenye vinu na masufuria, msiwafungie nje mabinti na vijana wanaoweza kujifunza. Usiku ule ni shule.

Nina jambo la mwisho, na ni kwa vijana, wale wanaosema, "Mwalimu, mimi sina bibi, sina debe, nimezaliwa mjini."

Mjue kwamba muhogo si wa huku kwa asili. Wala korosho. Wala karanga, wala mahindi, wala pilipili. Vyote hivyo asili yake ni Amerika. Mkorosho ulitoka Brazil, ukaletwa na Wareno. Kuna bibi mmoja, zamani, hapa hapa kusini, aliyepika kisamvu kwa mara ya kwanza bila kufundishwa na mama yake. Yeye alianza. Binti yake akarudia. Ming'oko na njugu mawe na mtama na kunde ndivyo vya Afrika hii tangu mwanzo, lakini vingine vyote vilianzishwa na familia, kwa kurudiwa mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo na wewe unaweza kuanza.

Hapa Mikindani ipo familia iliyohamia kikazi kutoka Mbeya. Hawakuwa na ndugu hata mmoja. Likizo ya Juni, bamvua kubwa lilipotoa miamba, mama jirani yao aliyezoea kuokota chaza aliwaita watoto wamfuate. Wakarudi na kikapu. Mama yao hakujua kuzipika, jirani akaingia jikoni kumwonyesha. Mwaka uliofuata watoto ndio waliouliza, "Bamvua la Juni lini?" Sasa ni siku yao. Asubuhi wanashuka pwani na jirani, jioni wanapika chaza kwa nazi, na pembeni yake ndizi kama wanavyopika kwao Mbeya. Baba alihamishwa kikazi, familia imekataa kuondoka kabla ya Juni.

Na watoto wale wamejifunza kitu kingine pale pwani: kuacha. Yule mama haokoti chaza ndogo, na jiwe akiligeuza analirudisha. Ndugu zetu wa Songosongo, kule Kilwa, wamekuwa wakifunga baadhi ya miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, na siku ya kufungua wanavuna pweza wakubwa, maana pweza hukua haraka akiachwa. Siku ile ya kufungua mwamba kijiji kizima kiko pwani. Mtoto anayeruhusiwa kula kila kitu kila siku hataijua furaha ya siku hiyo. Sisi tuliongoja embe la kwanza tunaijua.

Naomba basi tukubaliane, kabla Mwenyekiti hajanisimamisha. Likizo hii kila nyumba itenge chakula kimoja cha msimu kisichouzwa, kidogo tu kinatosha, na siku moja ya kukipika. Kila mtoto apewe kazi yake katika kazi hiyo, aijue kuwa ni yake, na mwakani apewe tena hiyo hiyo. Mwenye bibi akae naye amsikilize, na simu hizi mlizonazo mmrekodi akieleza, maana bibi hapimi kwa kikombe, anapima kwa kiganja, na kiganja chake mtakitafuta. Mwenye mtoto aliyeko mbali asiyeweza kuja, amtumie korosho mbichi kiasi, na ampigie simu amwelekeze, azikaange huko huko aliko.

Januari, shule zikifunguliwa, tutakutana tena hapa. Msije na chakula peke yake. Kila mzazi aje na mtoto mmoja, na mtoto ndiye atakayesimama kutueleza walipika nini, kimetoka wapi, na yeye alifanya kazi gani. Mzazi atakaa chini asikilize. Kuni na mafiga vitakuwepo nyuma ya darasa la saba.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Kama kuna maswali, naomba tuanze na akina bibi pale nyuma, nimewaona wamenyoosha mikono tangu nilipotaja ndiga.